Ulingo wa Kubeba

Nimeupima kwenye mizani ya jikoni,
ile ya kupimia unga wa mkate:
kilo tisa na robo, bila vidato, bila kamba.
Verlin anashikilia kwamba ni sita.
Miaka thelathini aliubeba yeye,
na kila mwaka bega lake likaupunguza kwa maneno,
mpaka Machi hii bega lenyewe likagoma kuinuka.
Sasa mzigo ni wangu. Yeye kabeba chupa ya kahawa.

Tunatoka saa kumi na nusu, giza bado bichi.
Novemba ya Wiskonsini: majani yameganda,
yanavunjika chini ya buti kama biskuti.
Mnyororo nimeuvika soksi zake kuukuu,
vyuma nimevifunga mpira wa ndani wa baiskeli,
maana chuma kikigusa chuma mara moja tu
bonde zima limeshapata habari.
Hata hivyo kuna kitu kinalia: ti, ti, ti.
“Ni goti lako,” ananong'ona.

Msitu huu ni wa umma. Hakuna kuacha kiti juu
kikalala huko, kikadai mti.
Unapanda nacho, unashuka nacho,
konokono mwenye leseni.

Mti nao hauchaguliwi kwa sura.
Mbetula ni mweupe, mrembo, na gome lake linateleza.
Ule wa pembeni umekufa umesimama,
wadudu wamekula moyo wakaacha koti.
Nautaka mwaloni, nikiukumbatia
vidole vikosane kidogo tu upande wa pili,
upepo unipige usoni,
na njia ya kulungu ipite chini, kushoto.

Kidato cha kwanza. Mkanda. Vuta mpaka uume gome.
Cha pili.
Verlin kanyosha shingo huko chini,
kocha aliyefungiwa nje ya uwanja:
kaza, siyo huko, kushoto, kushoto kwangu!
Nakumbuka Gunnar Tveit, aliyesema mikanda ni ya waoga,
akashuka mita tano kwa pumzi moja,
na leo hata kwenda kuchukua barua anatembelea fimbo.
Naipachika kulabu ya usalama, nasubiri iseme: ka.
Imesema. Nairudia hata hivyo.

Wengine hupanda ulingoni kufukuza wanyama shambani.
Mimi nimepanda nikiomba waje.

Verlin kaondoka kufuata kijito, na kahawa yake.
Bunduki imebaki chini, tupu, imefungwa kwenye kamba,
kwa kuwa mpandaji hapandi na kitu mkononi.
Naanza kuivuta, polepole, shibiri kwa shibiri,
ipo kimo cha kifua cha mtu, inazunguka kidogo,
na yeye huyo hapo.
Jike. Sikio la kushoto lina pengo.
Simkusikia akija. Hakuja; alikuwepo tu.

Akanyosha shingo, akanusa kitako cha bunduki yangu
kama mama anayekagua samaki wa jana.
Mikono yangu imejaa kamba. Risasi ziko mfukoni,
mfuko uko chini ya koti, koti liko chini ya mikanda.
Pua yangu inachuruzika na siwezi kuipangusa.
Akapiga chafya.
Akaokota njugu za mwaloni, moja, mbili, bila haraka,
akatazama kila upande isipokuwa juu,
akaenda zake.

Mchana kutwa baada ya hapo: kindi. Kindi tu.

Machweo nafungua kila nilichofunga, kwa kurudi nyuma,
vidole havinisikii tena.
“Umeona kitu?” anauliza Verlin.
“Kindi,” nasema.
Ya yule jike nitamwambia Jumapili, labda.

Njiani giza limetushika. Simwoni, namsikia.
Pale kwenye mteremko wa mawe mzigo unapungua ghafla,
mikanda inalegea mabegani:
ameushika ulingo kwa nyuma, kwa ule mkono mzima,
akidhani sijui.
Nami nakaza mwendo kidogo, sigeuki.
Kilo sita. Hazizidi.